"Mama, sikujua nianzeje": mtoto anapoogopa kupiga simu

Mama mmoja anayefanya biashara ya mboga alinisimulia kisa hiki tukiwa kwenye benchi la stendi ya Lushoto, tukisubiri gari la kushuka Mombo. Ameniruhusu nikiandike, mradi nisitaje jina lake wala la binti yake.

Mama huyu hununua karoti na hoho huko Lukozi, hupakia kwenye Fuso jioni na kushuka nazo Dar es Salaam ili alfajiri awe sokoni. Nyumbani huwaacha watu wawili: mama yake mzazi, ambaye ana presha, na binti yake wa miaka 17 aliyemaliza kidato cha nne. Binti mwenyewe ana akili, anaandika vizuri, na simu haimtoki mkononi.

Usiku mmoja, kama saa nne hivi, bibi aliinuka kwenda kunywa maji akaanguka. Binti alipomkimbilia alimkuta uso umepinda upande mmoja na maneno hayatoki. Akampigia mama yake. Simu haikupatikana, ilikuwa imezima chaji njiani.

Mjomba wake anaishi ng'ambo ya bonde, mlima wa pili tu, na ana pikipiki. Namba yake ilikuwemo kwenye simu. Dakika zilikuwepo. Binti akalitazama jina la mjomba, akabonyeza, akakata kabla simu haijaita. Akabonyeza tena, akakata tena. Mwisho akaandika ujumbe: "Shikamoo mjomba. Samahani kwa usumbufu. Upo macho?" Kisha akakaa chini, akampakata bibi yake kichwa, akasubiri jibu.

Mjomba aliuona ujumbe huo alipoamka kuswali alfajiri.

Bibi yupo hai, tumshukuru Mungu. Lakini mkono wa kushoto haujarudi sawasawa, na kuongea kwake kumekuwa kwa shida. Daktari aliwaambia kwamba kiharusi ni ugonjwa wa kuwahi, kila saa ina thamani yake. Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba kuwahi kungemrudishia bibi mkono wake. Ila swali hilo halitoki ndani ya nyumba ile.

"Nilimfokea sana," mama aliniambia. "Nikamwambia, simu ulikuwa nayo, namba ulikuwa nayo, dakika zilikuwepo. Kwa nini hukumpigia mjomba wako? Akalia. Akasema, 'Mama, sikujua nianzeje.'"

Sikujua nianzeje. Nimekaa na maneno hayo kwa wiki kadhaa, na ndiyo sababu ya makala ya leo.

SI JEURI WALA UVIVU

Huenda nyumbani kwako hali haijafikia hapo, lakini dalili unazijua. Unamwambia kijana, "Mpigie shangazi yako umwambie tumefika." Anajibu, "Nimeshamtumia meseji." Unamwambia ampigie fundi, anasema hana dakika. Ukimpa dakika, anasema atapiga baadaye. Baadaye haifiki. Mwisho unachukua simu mwenyewe, unapiga kwa nusu dakika, unamrudishia huku ukinung'unika kwamba watoto wa siku hizi hawana adabu.

Tuanzie hapo. Mtoto anayechati usiku kucha lakini hawezi kumpigia mjomba wake anaonekana ana dharau. Ukimtazama kwa makini wakati anapolazimishwa, utaona kitu kingine. Anatembea huku na huku. Viganja vinatoa jasho. Anarudia maneno kimoyomoyo. Moyo unamwenda mbio, koo linamkauka. Simu isipopokelewa, anashusha pumzi kama mtu aliyeponea ajali.

Hiyo ni hofu. Wataalamu wa afya ya akili huiweka karibu na hofu ya watu, ile inayomfanya mtu aogope kutazamwa, kuhukumiwa au kuchekwa anapokuwa mbele ya wengine. Watu wazima wanayo pia. Wapo walimu na hata mabosi wanaosimama mbele ya watu mia bila wasiwasi, lakini simu ya namba ngeni ikiita wanaiacha iite hadi ikatike. Wavulana huificha zaidi kuliko wasichana, kwa sababu mvulana kusema "naogopa simu" kunachekesha wenzake. Atasema hana chaji.

KWA NINI SIMU INATISHA

Ukiongea na mtu ana kwa ana unamwona uso. Unajua kama amekasirika, kama anacheka, kama amemaliza kusema. Kwenye simu vyote hivyo vimeondolewa, umebaki na sauti tu. Mtu akinyamaza sekunde mbili hujui kama anafikiria, amechukia, au mtandao umekata.

Ukiandika ujumbe, una nafasi ya kufuta. Unaandika, unasoma, unabadilisha neno, ndipo unatuma. Kwenye simu neno likitoka limetoka. Mtoto aliyezoea kufuta anaona kupiga simu ni kama kufanya mtihani kwa kalamu ya wino bila karatasi ya kujaribia.

Kwetu sisi kuna mzigo wa ziada ambao vitabu vya wazungu haviutaji, nao ni salamu. Kabla mtoto hajasema shida yake, lazima ajue anayepokea ni nani. Akipokea mke wa mjomba, aseme nini? Akipokea mtoto wa mjomba ambaye ni rika lake, akamwamkia shikamoo, atachekwa mwaka mzima. Asipomwamkia mkubwa, habari itamfikia mama yake kabla ya jioni. Kwenye ujumbe jina lipo na salamu moja inatosha. Kwenye simu kuna habari za nyumbani, habari za wagonjwa, habari za shamba, na haijulikani mlango wa kuingizia shida yenyewe uko wapi.

Kwa familia za Kisambaa jambo hili lina uzito wake. Salamu zetu zinafuata wakati wa siku, na huulizana hali ya nyumbani kwa mpangilio wake. Wapo watoto waliokulia mjini Lushoto, Korogwe au Dar es Salaam ambao Kisambaa wanakielewa lakini wanajibu kwa Kiswahili. Bibi akiwa mbele yao wanatabasamu, yanaisha. Bibi akiwa kwenye simu hakuna tabasamu linaloonekana. Wanajua watakosea, na wanajua bibi atacheka, pengine aweke simu sauti kubwa majirani nao wasikie. Bibi anacheka kwa upendo, lakini mtoto anayesikia kicheko bila kuona uso hawezi kuujua upendo huo.

SISI TULIFUNDISHWA KUTUMWA

Wazazi wengi wananiambia, "Mbona sisi hatukufundishwa kupiga simu na tunapiga?" Si kweli kwamba hatukufundishwa. Tulifundishwa kabla simu hazijafika.

Simu za mkononi zilianza nchini mwaka 1994, Dar es Salaam, kwa wachache wenye uwezo. Huku milimani zilichelewa, na zilipofika ilibidi kupanda juu ya kilima kutafuta mtandao. Kabla ya hapo ujumbe ulikwenda kwa miguu. Enzi za Kimweri ye Nyumbai, aliyeitawala Usambara kutoka Vuga hadi alipofariki mwaka 1862, maneno ya utawala yalibebwa na wajumbe kwenye vichochoro vya milima. Kwenye nyumba za kawaida mjumbe alikuwa mtoto.

Mtoto wa miaka saba alitumwa: "Nenda kwa mama mkubwa. Ukifika mwamkie. Mwambie mama anakusalimu, anaomba ungo, atauridisha kesho. Haya, utasemaje?" Mtoto alirudia. Akikosea alirekebishwa, akarudia tena. Ndipo akashuka bonde, akavuka kijito, akapanda mlima wa pili huku akiyasema maneno yale njia nzima yasije yakapotea. Akifika alijua la kuanza nalo, kwa sababu alipewa. Na akirudi aliulizwa, "Amesemaje?"

Tazama mafunzo yaliyomo hapo. Kuamkia. Kujitambulisha na kumtaja aliyekutuma. Kusema shida kwa ufupi. Kusikiliza jibu na kulibeba. Kuaga. Hayo ndiyo mazungumzo ya simu, yakakosa simu tu. Tena maneno hayakuwa yake, alikuwa ameyabeba kwa ajili ya mtu mwingine. Waswahili walisema mjumbe hauawi. Mtoto aliyetumwa alijua hata mama mkubwa akikasirika, hasira si zake.

Leo ungo tunauomba kwa WhatsApp. Njia zimekuwa na bodaboda, tunaogopa kuwatuma watoto mbali, na wengine tunaona kumtuma mtoto ni kumtesa. Kwa hiyo tumeiacha ile shule ya kutumwa, na hatukuweka nyingine mahali pake. Kisha mtoto akifika miaka 17 tunamkabidhi simu usiku wa dharura tukitegemea ajue pa kuanzia.

TUNACHANGIA BILA KUJUA

Yapo tunayoyafanya yanayoikuza hofu hii.

La kwanza ni kumpigia. Kila tunapochukua simu na kusema "lete hapa, nitapiga mwenyewe", mtoto anapata unafuu mkubwa. Unafuu huo ndio unaodanganya. Mwili wake unajifunza kwamba ile simu kweli ilikuwa hatari na yeye ameokolewa. Safari ijayo hofu inakuwa kubwa zaidi. Hofu ya namna hii hulishwa na kukwepa.

La pili ni kumwambia mtoto adanganye. Mzazi ana deni la kikoba, au amekopa ile mikopo tunayoiita kausha damu. Simu inaita, anampa mtoto: "Pokea, sema mama ameisahau simu nyumbani." Mtoto anapokea kwa sauti ya kutetemeka, upande wa pili unamfokea. Ukifanya hivyo mara tatu, umemfundisha kwamba simu ni mahali pa uongo na matusi. Mtoto kama huyo anaogopa kwa sababu anazo.

La tatu ni kumrekebisha akiwa hewani. Mtoto anaongea na shangazi, mzazi yuko pembeni: "Mwamkie kwanza! Sema kwa sauti! Siyo hivyo!" Anasikiliza watu wawili kwa wakati mmoja, anachanganyikiwa, shangazi anauliza "Unasemaje?" na aibu inazidi. Kama kuna la kurekebisha, lingoje simu ikatwe.

La nne ni kuwatisha watoto kwa matapeli bila kuwafundisha kuwatambua. Wote tumeshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na simu za wanaojifanya wahudumu wa kampuni za simu wakitaka namba ya siri. Mtoto akiambiwa tu "usipokee namba usizozijua", anajifunza kuogopa kila namba. Mpe kanuni nyepesi: namba ya siri haitajwi kwa mtu yeyote, hela haitumwi kwa maneno ya simu bila kumuuliza mzazi, na ukiona mashaka unaruhusiwa kukata. Anayejua kwamba anaruhusiwa kukata haogopi sana kupokea.

MFUNDISHE HATUA KWA HATUA

Yule mama alirudi nyumbani akaanza upya na binti yake. Aliniambia alichokifanya, na mengi kati ya haya nimeyachukua kwake. Mengine ni yale wanayoyatumia washauri wanaosaidia watu wenye hofu: kulikaribia jambo linalotisha kidogo kidogo, kwa kurudia, hadi mwili uzoee.

Anza na maneno ya kuanzia. Mwandikie kwenye daftari, au aandike mwenyewe, mambo manne: salamu, mimi ni nani, nina shida gani, asante na kwaheri. Kwa mfano: "Shikamoo mjomba. Ni mimi, binti wa dada yako wa huku Lukozi. Nimetumwa na mama, anauliza kesho utapita saa ngapi. Haya, nitamwambia. Asante mjomba, msalimie shangazi." Akiwa na karatasi hiyo mkononi, swali la "nianzeje" limeshajibiwa.

Mfundishe pia la kusema akipokea mtu asiyemtegemea. "Samahani, naongea na nani?" ni swali la heshima, halina kosa lolote. Na kama hajui umri wa mtu, shikamoo haijawahi kumfunga mtu jela. Atakayechekwa kwa kumwamkia rika lake atacheka naye, yataisha.

Kisha panga ngazi. Ya chini kabisa iwe simu anayojua itapokelewa kwa furaha, pengine ya bibi au mama mdogo ampendaye, kumsalimia tu. Wiki inayofuata ampigie ndugu asiyemzoea sana, akiwa na ujumbe mmoja. Halafu apige dukani kuuliza kama gesi ipo. Halafu ofisi ya basi kuuliza gari la Dar es Salaam linatoka saa ngapi. Hizi simu za biashara ni nzuri, kwa sababu anayepokea hamjui mtoto, ana haraka, na yanaisha ndani ya nusu dakika. Ngazi ya juu iwe simu yenye mabishano kidogo, kwa mfano kumuuliza fundi kwa nini hajafika.

Mwanzoni kaa naye chumba kimoja, lakini usinyooshe mkono kuomba simu. Baadaye kaa chumba cha pili. Wengine huona afadhali kupiga wakiwa peke yao bila kusikilizwa hata na mama. Mpe nafasi atoke nje.

Simu ikikatwa, muulize kama wazee walivyotuuliza: "Amesemaje?" Usianze na "uliongea vizuri" wala "ulikosea". Akikueleza alichoambiwa, amefanya kazi aliyotumwa. Akikosea salamu, mkumbushe taratibu kabla ya simu ijayo. Na kama alikwama, mwambie ukweli kwamba hata wewe uliwahi kukwama. Wengi wetu tuliowahi kupiga simu ya mezani kazini kwa mara ya kwanza tunakumbuka sauti zetu zilivyokuwa.

Usitegemee miujiza ya wiki moja. Hofu haitoki yote mara moja, na haina haja ya kutoka yote. Tunachotaka ni kwamba apige hata moyo ukidunda.

Wala tusiuchukie ujumbe wa maandishi. Una kazi yake. Namba ya akaunti, bei ya gunia, jina la dawa, hayo ni afadhali yaandikwe. Mtu asiyesikia vizuri anauhitaji. Ila kijana wa milima hii anayetaka kuishi kwa kilimo atakutana na simu tu. Kabla viazi havijapakiwa, bei inaulizwa kwa simu. Dalali wa sokoni Dar es Salaam anabembelezwa na kubanwa kwa sauti, na anasikia mara moja kama anayeongea naye anaogopa. Mwenye kuomba kazi naye ataitwa kwenye usaili kwa simu, mara moja, na asipopokea anaitwa wa pili.

SIMU YA DHARURA INA SOMO LAKE

Hili nawaomba mlifanye hata kama watoto wenu hawaogopi simu.

Mwambie mtoto waziwazi: usiku, au mtu akiwa hatarini, ujumbe hauamshi mtu. Unapiga. Asipopokea unapiga tena, mara tatu, mara nne, halafu unampigia wa pili. Mwambie pia kwamba ruhusa hiyo unampa leo, mapema, ili usiku huo asihangaike kujiuliza kama anasumbua. Yule binti aliandika "samahani kwa usumbufu" kwa sababu tulimfundisha, na tulimfundisha vema, kwamba mkubwa aliyelala hasumbuliwi. Hatukumwambia ni lini anasumbuliwa.

Kwenye simu ya dharura salamu inaweza kuwa neno moja. "Mjomba, bibi ameanguka, njoo na pikipiki sasa hivi." Mwambie hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeuliza shikamoo iko wapi.

Mfundishe kueleza nyumba ilipo. Mitaa yetu mingi haina majina yaliyoandikwa wala nyumba zetu hazionekani barabarani. "Ukifika msikitini, shika njia ya kushuka kulia, vuka daraja la miti, nyumba ya tatu yenye bati jekundu." Mfanye ayaseme hadi yatoke bila kufikiri. Mtoto mwenye hofu anasahau hata njia anayopita kila siku.

Andika namba ukutani, kwa kalamu nzito, kwa sababu simu inaweza kuwa ya bibi isiyo na majina. Weka ndugu wawili walio karibu, jirani mwenye chombo cha usafiri, na mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Ongeza namba za bure za kitaifa: 112 ya polisi, 114 ya zimamoto, 199 ya Wizara ya Afya kwa ushauri wa kiafya, na 115 ya mfumo wa m-mama unaowatafutia usafiri wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga wanaohitaji kuwahishwa hospitali. Namba 116 ni ya mtoto mwenyewe, akifanyiwa ukatili au akihitaji mtu wa kumsikiliza. Hiyo mwachie aijue hata kama anayemfanyia ubaya ni wa nyumba hiyohiyo.

Kisha fanyeni mazoezi. Simu ikiwa imezimwa, mwambie, "Bibi ameanguka. Unampigia nani? Unasemaje?" Watoto hucheka mara ya kwanza. Ya pili hawacheki.

HOFU INAPOZIDI

Kuna watoto ambao tatizo lao si simu peke yake. Haendi dukani, hasemi darasani, anaumwa tumbo kila siku ya kuwasilisha kazi mbele ya wenzake, amejitenga na marafiki. Au ana kigugumizi, na simu inamwia ngumu kuliko wengine kwa sababu anayepokea anadhani mtandao umekata. Au hasikii vizuri sikio moja na hajawahi kupimwa. Huyo usimlazimishe ngazi kabla ya kujua kinachomsumbua. Anza kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ueleze, uombe kuelekezwa hospitali ya wilaya au kwa afisa ustawi wa jamii.

Najua neno "afya ya akili" linatisha wazazi. Wengi wakilisikia wanawaza Mirembe, au Lutindi ya hapa kwetu. Lutindi, iliyoko kwenye milima hii hii upande wa Korogwe, ilianza mwaka 1896 ikiwa makazi ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwaka 1904 imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili. Ni miongoni mwa hospitali za kwanza za aina hiyo Afrika Mashariki. Wazee wetu walikuwa na pa kwenda kwa matatizo makubwa. Sisi tusione haya kuomba msaada kwa madogo kabla hayajakua.

Nilimuuliza yule mama kabla gari halijajaza: binti anaendeleaje?

Akasema kitu kigumu kuliko vyote kilikuwa kumwomba binti yake msamaha. Si kwa kuwa binti hakuwa na kosa, ila kwa kuwa alimfokea kwa kutojua jambo ambalo yeye mama hakuwahi kumfundisha. Baada ya hapo walikaa mezani, wakaandika maneno nyuma ya daftari la shule. Jumapili binti akampigia mjomba kumweleza hali ya bibi. Alikata mara moja kabla haijaita. Mama alikuwa jikoni, hakusema kitu. Binti akapiga tena.

"Waliongea sekunde arobaini," mama aliniambia. "Alirudi jikoni ametoka jasho kama aliyelima. Nikamuuliza, 'Mjomba amesemaje?' Akasema, 'Amesema nimpigie na Jumapili ijayo.'"

Sasa anampigia kila Jumapili. Bado hapendi. Ila anapiga.

Mzazi mwenzangu, wiki hii usimpigie shangazi. Mpe mwanao simu, mpe na maneno, kisha nenda kaendelee na kazi zako. Akimaliza, muulize amesemaje. Tukutane wiki ijayo.